Mkono wa Nta

Katika karakana ya mishumaa kulikuwa na desturi moja isiyovunjwa: nta haitupwi. Matone ya mezani, vipande vilivyovunjika, masalia ya sakafuni, vyote hurudi kwenye sufuria.

Ndiyo maana mke wa fundi aliuweka ule mkono wa nta kwenye rafu ya juu kabisa. Ulikuwa mkono wa binti yao. Siku moja, katika kucheza, mtoto alichovya kiganja kwenye nta vuguvugu, nta ikaganda juu yake, akakichomoa taratibu, likabaki ganda lenye kila mkunjo wa vidole. Baba yake akalijaza nta. Baadaye homa ikamchukua mtoto.

Majira ya joto yalipoanza, mama akaona vidole vinapinda kidogo kidogo, kama vya mtu anayetaka kushika kitu. Mumewe, ambaye hakusoma sana ila alizoea kuchunguza vitu mpaka vimkae kichwani, alimweleza kwa upole kwamba kitu kigumu hakitulii kamwe. Chembe zake zimeshikana, kila moja mahali pake, lakini zinatetemeka. Joto likizidi, mshiko unalegea.

"Kwa hiyo humo ndani anatetemeka," mama akasema.



Wifi, dada wa fundi, alikuwa mtu wa mzaha na mwepesi wa kazi. Asubuhi moja alifuta rafu, akakuta bonge la nta lililojikunja, halina sura ya mkono tena, akalitia kwenye sufuria. Mama alipoingia, wifi alikuwa ameshamimina kwenye kalibu za mishumaa. Alipoelewa alichofanya, wifi aliangua kilio. Mama hakulia. Aliuliza tu binti yake yuko kwenye mshumaa upi.

"Yote," fundi akasema. "Nta ikiyeyuka, chembe zinateleza, zinachanganyika. Hatuwezi kumtenga."

Mchana, mbele ya mumewe na wifi yake, mama akachukua mshumaa mmoja. Akafunga mlango na dirisha, akauwasha, akaupuliza, akauwasha tena, akaupuliza tena. Kila mara utambi ulitoa moshi mweupe. Fundi alijua ni nta iliyogeuka mvuke, chembe zimeachana kabisa, zinasambaa hadi kila pembe. Alivuta pumzi polepole. Mkewe naye akavuta.

Kwenye kioo cha dirisha ile nta ikaganda, utando mweupe. Kioo chote kikapauka, isipokuwa mahali padogo, kwenye kimo cha mtoto: kiganja na vidole vitano, vimenyooka.

Fundi akatafuta sababu. Labda alama ya zamani, mafuta ya ngozi. Lakini kioo kile alikiweka yeye mwenyewe, kipya, baada ya msiba.

Hodi ikasikika mlangoni. Alikuwa mwenye duka, amefuata mishumaa aliyoagiza. Fundi na dada yake wakamtazama mama.

"Mpeni," akasema, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Ila dirisha lisifunguliwe."