Shibiri Kumi za Mkwaja

Bi Mwanamkasi, anayekaanga mihogo mbele ya karakana ya Sadalla, anadai kwamba Tausi alimshika bosi wake mkono mchana kweupe, akainong'onezea televisheni, na mlango wa hoteli ukasinyaa pale pale mbele ya macho ya watu. Anadai pia kwamba mlango ulitoa sauti. Anayemuuliza sauti gani huambiwa anunue mihogo kwanza.

Mkono kweli ulishikwa, na mlango kweli ulisinyaa. Lakini ile haikuwa televisheni, ingawa kwenye forodha ya mpakani Horohoro ilipita kwa jina hilo, kwa sababu Sadalla alipoulizwa amebeba nini, televisheni ndicho kitu pekee alichoweza kukieleza. Ilikuwa kompyuta. Aliitoa Mombasa pamoja na mpwa wake Mudathir, kijana mwenye diploma ya ufundi na wiki tatu za mafunzo ya kuchora kwa kompyuta.

Karakana yenyewe zamani ilikuwa ya serikali, ikitengeneza madawati. Miaka ile misumari ilipoadimika, fundi mkuu, Babu Mselem, aliendelea kutengeneza madawati bila misumari. Serikali ilipoyachoka na madawati yenyewe, Sadalla, aliyekuwa akiuza khanga, akainunua karakana na Babu Mselem akiwa ndani yake. Sasa walitengeneza milango, kwa kuwa hoteli zilikuwa zikichipuka pwani nzima, na kila mwenye hoteli alitaka mlango kama wa babu zake, hata kama babu zake walizaliwa Ulaya.

Tausi alikuwa na miaka ishirini na miwili na cheti cha darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kufagia maranda na kupika chai. Kompyuta ilipokuja akaongezewa kazi ya tatu, kuifuta vumbi.

Kwenye kona ya kila mchoro uliochapwa palikuwa na kisanduku kidogo: Kazi, Tarehe, Aliyechora. Penye Aliyechora paliandikwa Mudathir. Tausi alikuwa ameona kwamba mwenye jina ndani ya kisanduku kile huulizwa habari za kazi, na asiye na jina huulizwa habari za chai. Alitaka jina lake liingie mle. Hakumwambia mtu, maana hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lisilohusu chai.

Mudathir alichora kwenye kompyuta kama mtu anavyochora kwenye karatasi, mstari mmoja mmoja, kila mmoja na namba yake. Mteja akibadili nia, akitaka mlango uongezwe kidogo tu, Mudathir alivuta pumzi, akaanza upya. Siku moja walikuja wageni, naye akataka kuwaonyesha kitu. Alichora sanduku.

"Urefu huu naupa jina," alisema. "Namba nyingine siziandiki. Naziambia tu zinahusiana vipi na huyu mwenye jina. Tazameni." Akabadili namba moja, na sanduku zima likakua, mfuniko na pande zote. Wageni wakapiga makofi. Walipoondoka Mudathir akarudia mistari yake, kwa maelezo kwamba ule mtindo mwingine unachelewesha. Tausi alibaki amesimama na sinia mpaka chai ikapoa, akaambiwa akapike nyingine.

Kilichomshangaza ni kwamba mambo yale aliyajua. Babu Mselem alifanya hivyo hivyo kila siku, bila umeme. Hakuwahi kuwa na mchoro. Alikuwa na shibiri yake, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, na mlango mzima ulitoka humo. Kesho yake Tausi alimpelekea chai mapema.

"Shikamoo, Babu. Hivi kizingiti cha juu unakipata wapi?"

"Marahaba. Nakipata mkononi. Mlango ukiwa shibiri tano upana, kizingiti ni tano na nusu huku na nusu huku, kiingie ukutani."

"Na mfaa?" Mfaa ni ule mti wa katikati, mabawa mawili ya mlango yanapokutana.

"Mfaa anafuata bawa. Bawa likirefuka na yeye anarefuka. Hana akili zake mwenyewe."

"Na kitasa?"

Babu Mselem alimtazama vizuri. "Kitasa nakipata dukani, mwanangu. Kitasa hakimjui mtu mkono wake."

Mudathir aliondoka kila siku kwenda kuswali adhuhuri, akapitiliza kula kwa shangazi yake, akarudi saa nane na nusu. Siku ambazo mgao wa umeme uliruhusu, Tausi alizitumia saa zile kuifuta vumbi kompyuta kwa uangalifu mkubwa. Maneno ya Kiingereza hakuyaelewa, lakini aliyatambua kwa sura na mahali yalipokaa, kama mtu anavyojua nyumba za mtaani kwake bila kusoma namba. Alitengeneza namba moja akaiita MKONO, akaandika ishirini na tatu, kwa kuwa ukutani Mudathir alikuwa amebandika kikaratasi: shibiri ya Babu Mselem, sentimita 23. Kisha akaanza kuufunga mlango kwenye mkono ule, mti baada ya mti.

Mlango wa kwanza ulipoongezwa urefu, fremu ilipanda na mabawa yakabaki chini, kama suruali ya mtoto aliyekua ghafla. Alikuwa ameyapa mabawa namba, badala ya kuyaambia yamfuate nani. Mlango wa pili ulitii kupita kiasi. Aliukuza, na tundu la kitasa nalo likakua, likatosha sufuria. Hapo ndipo alipoyaelewa maneno ya Babu. Tangu siku hiyo kila kipande alikiuliza swali moja kabla ya kukifunga: wewe unatoka mkononi au dukani? Miimo, ile miti ya fremu inayosimama pembeni, na vizingiti vilitoka mkononi. Kitasa na bawaba vilitoka dukani. Unene wa mbao ulitoka Maramba, kwa wapasuaji, na wapasuaji wa Maramba hawakuwa watu wa kubadilika. Hivyo akaviacha na namba zake.

Ilimchukua miezi minne. Kazi yake aliihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la VUMBI, kwa sababu hakuna mtu pale aliyewahi kuonyesha hamu ya kujua habari za vumbi.

Kisha ikaja kazi ya hoteli mpya upande wa Mkwaja, milango kumi na sita. Kwa kawaida Babu Mselem ndiye aliyekwenda kupima, lakini mguu wake ulikuwa umevimba, gari hakuliweza. Sadalla akasema atakwenda mwenyewe, kupima si kazi. Alirudi na karatasi: mlango wa mbele shibiri kumi kwa tano, vyumba vyote shibiri tisa kwa nne. Mudathir akatazama kikaratasi cha ukutani, akazidisha, akachora. Babu akatengeneza mlango wa mbele kwanza, wa mvule, ukapakiwa kwenye lori. Siku ya pili ulirudi na lori lile lile. Ulikuwa umezidi tundu lake sentimita ishirini kwenda juu na kumi kwa upana, na dereva alileta habari kwamba michoro ya vyumba nayo imezidi matundu yake.

Waliusimamisha nje, ukampa Bi Mwanamkasi kivuli kizuri.

"Waashi wamelipunguza tundu," alisema Sadalla.

"Matundu yote kumi na sita, mjomba?" aliuliza Mudathir.

"Basi mbao imevimba. Mkwaja kuna unyevu."

"Imevimba shibiri nzima kasoro kidole?" alisema Babu Mselem kutoka kwenye kigoda chake, mguu ameunyoosha. "Mvule huo ungekuwa unauzwa kwa ratili, tungetajirika."

Sadalla hakucheka. Mwenye hoteli alikuwa amempa mpaka Ijumaa. Asipoona michoro mipya ya milango yote, kazi inakwenda kwa mafundi wa Dar es Salaam. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na umeme ungekatika saa nane, usirudi hadi Ijumaa yenyewe.

"Kuchora upya yote, wiki mbili," alisema Mudathir. Akajaribu njia ya mkato, akaushika mchoro mzima, akaubana upungue. Ulipungua. Unene wa mbao nao ukapungua, na tundu la kitasa likawa dogo kiasi cha kutoingia kitasa chochote kinachouzwa Tanga. Akaurudisha.

"Mimi nilipima vizuri," alisema Sadalla kwa mara ya nne, akaenda ukutani kuwaonyesha. Alitandaza vidole, akahesabu moja, mbili, tatu, akipanda. Wote walimsikiliza anavyohesabu. Tausi, aliyekuwa mlangoni na ufagio, alitazama mkono. Ulikuwa mkono mnene, wa mtu aliyepima khanga miaka kumi na tano kwa fimbo ya chuma, na vidole vyake vilikuwa vifupi.

Katika karakana ile shibiri ilikuwa moja. Aliyepima ndiye aliyekata, miaka yote, na hapakuwahi kuwa na sababu ya mtu kuuliza shibiri ya nani.

"Bosi," alisema Tausi, "naomba mkono."

Sadalla, kwa mazoea, akampa akidhani anasalimiwa. Tausi akauvuta mpaka mezani, akautandaza juu ya rula ya Mudathir. Hapo ndipo Bi Mwanamkasi alipochungulia dirishani.

"Ishirini na moja," alisema Tausi.

Babu Mselem alicheka mpaka akaushika mguu wake. "Kumbe tumetengeneza mlango wa mkono wangu kwenye tundu la mkono wako."

Hakuna aliyemruhusu Tausi kukaa, na hakuna aliyemkataza, maana wote walikuwa wakiutazama mkono wa Sadalla. Akakaa. Akafungua VUMBI. Penye MKONO akafuta tatu, akaandika moja. Mlango ukashuka, miimo, mabawa, mfaa, kizingiti, kila kimoja kikamfuata mwenzake, ukatulia kwenye mita mbili na sentimita kumi. Mdomo wa Tausi ulikuwa ukisogea. Alikuwa akihesabu.

"Kitasa je?" aliuliza Mudathir, akiinama karibu na kioo.

"Kipo vilevile. Na unene upo vilevile."

Mudathir alipima mwenyewe, mara mbili. "Nani alikufundisha?"

"Wewe, kaka. Siku ya lile sanduku. Mengine Babu."

Kwa milango ya vyumba aliandika tisa mahali pa kumi, kisha nne mahali pa tano. Saa saba na dakika arobaini mashine ilikuwa imemaliza kuchapa, na karatasi zote zilikuwa mezani. Mudathir alizipitia moja moja, akafika kwenye kona. Aliyechora: Mudathir. Tausi alikuwa ameanzia kwenye karatasi ya Mudathir, nayo ilikuja na jina lake.

"Hapa si mimi," alisema. "Kubadilisha ni dakika moja. Lakini mwulize mjomba, karatasi ni zake."

Sadalla alikuwa bado pale mezani. "Mwenye hoteli nimeshamwambia mchoraji wangu ana diploma," alisema, bila kumwambia mtu yeyote hasa.

Tausi aliinuka, akauokota ufagio, akauegemeza ukutani, akasimama mbele ya meza.

"Bosi, milango itaingia?"

"Itaingia."

"Basi naomba jina langu liandikwe pale. Tausi tu. La baba si lazima."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tisa. Mudathir aliweka kidole kwenye kibodi, akangoja. Sadalla alikuwa ameutandaza tena mkono wake juu ya meza, anautazama, akausogeza taratibu pembeni ya rula, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba hiyo ishirini na moja ni yake kweli.