Chungu cha Mzazi

Tangu Ndeshi ajifungue, kila aliyepanda mlima hadi kwao Nkoaranga alikuja na maoni juu ya maziwa yake, na wote walikuja na njaa. Mtori ulipikwa kwa ajili yake, kama ilivyo desturi kwa mzazi: ndizi za shambani, nyama yenye mifupa, siagi juu. Lakini mgeni hanyimwi chakula. Wageni walikula, wakafuta midomo, kisha wakamtazama kifuani na kutikisa vichwa.

Jumamosi moja alikuja wifi yake, Agnela, dada mkubwa wa mumewe, kutoka Kisongo. Agnela alikuwa akisaga na kuuza unga wa lishe. Mahindi, ulezi, soya, karanga, dagaa. Chochote kilichopita mashineni alikiita afya. Alikuja na chupa ya chai iliyojaa uji wa unga huo.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mbona mtoto amekuwa kijiti hivi?"

Elinami alikuwa na miezi mitatu, na mashavu yalikuwa karibu kumfunika macho.  Ndeshi alimpakulia mgeni mtori.

Bakuli la kwanza Agnela alilila akieleza kwamba maziwa ya Ndeshi ni mepesi. La pili alilila akieleza kwamba mtoto wa kiume halelewi kwa maji. Abdiel, mume wa Ndeshi, aliyekuwa akifyonza mfupa aliopikiwa mkewe, aliitikia, "Kweli, dada." Abdiel alikubaliana na yeyote aliyekuwa amesema mwisho.

"Nesi amesema maziwa ya mama tu mpaka miezi sita," Ndeshi alisema. "Hata maji asipewe."

"Nesi! Kale katoto ka juzi? Na mtoto, kama ameshiba, analia nini?"

"Naye ana maoni yake, wifi."

"Hebu niletee maji ninawe."

Ndeshi alitoka hadi bombani. Aliporudi, Elinami alikuwa amelazwa mapajani mwa shangazi yake, na kijiko cha uji wa kijivu kimefika mdomoni. Ndeshi alitua maji, akaingiza mkono katikati. Uji ulimmwagikia kiganjani. Akamchukua mwanawe.

"Mpe kidogo tu, mama Elinami," Abdiel alisema. "Dada katoka mbali."

"Kama kutoka mbali ndiko kunakolisha mtoto, basi mwite na dereva aliyemleta, aje anyonyeshe."

Abdiel aliutazama mfupa wake.

"Unanijibu mimi?" Agnela aliuliza.

"Namjibu baba Elinami. Wewe nakushukuru, wifi, na uji wako hautapotea." Aliumimina kwenye kikombe mpaka ukafika ukingoni, akamkabidhi mumewe. "Huyu ana meno. Na miezi sita alishaivuka, ingawa si rahisi kujua."

Kisha akakivuta chungu, akaketi kwenye kigoda, akamweka mtoto kwenye titi na kuanza kula mtori kwa upawa. Agnela alikuwa bado amenyoosha bakuli lake.

"Mwanamke gani anabeba chungu kizima mbele ya wageni?"

"Mwenye chungu."

Agnela alirudisha bakuli chini. Elinami alinyonya, akipumua kwa nguvu puani. Ndipo Agnela akamgeukia mdogo wake, maana lazima mtu mmoja katika nyumba ile amheshimu.

"Kunywa, Abdiel. Mtamu?"

Abdiel alipiga funda. Harufu ya dagaa ilimpanda puani, machozi yakamlenga.

"Mtamu, dada."

"Nilijua," alisema Agnela, akifungua tena chupa ya chai. "Lete kikombe nikuongeze."