Mlango Uliojificha Mfukoni

4.
Namba moja hadi tatu ni za ugonjwa, na Bi Mwanahawa hataki zisimuliwe. Macho ya manjano, mwili kuwasha, kijiwe kimekwama kwenye mfereji wa nyongo. Basi! Tuanzie panapochekesha.

5.
TANGAZO KWA WAGONJWA WA KUMEZESHWA MPIRA WENYE KAMERA
Kuanzia saa sita usiku mgonjwa hatakula wala kunywa

CHOCHOTE.

6.
"Bibi, umekula?" Sista Hoza aliuliza Jumatatu asubuhi.
"Sijala. Nimeonja chumvi ya mchuzi wa jirani."
Bi Mwanahawa ni mpishi wa pilau za harusi hapa Tanga. Ramadhani nzima huonja kwa ncha ya ulimi, akatema, na funga yake haina doa.
"Ukatema?"
"Ulikuwa mtamu, mwanangu."

7.
Shughuli ya mpira imeahirishwa hadi Jumatano.

8.
Jumamosi anaolewa Zamzam, mjukuu wake. Kawapikia watoto wa watu miaka nenda miaka rudi. Huyu ni wake. "Sufuria la pilau yake asilishike mtu," alisema. Usiku akalia, maana aliogopa kweli kuikosa harusi.

9.
Jumatano. Bi Mwanahawa kalala kwa dawa. Haya kasimuliwa na Sista Hoza:

"Mlango wa mfereji uko wapi?"
"Sioni, Dakta Nakiete."
"Huu hapa mfuko. Ukuta wa utumbo umebonyea."

Waya mwembamba ukatoka ndani ya mpira, ukajaribu kuingia.
Hapana.
Ukajaribu.
Hapana.

10.
MAELEZO
Kijimfuko hiki si ugonjwa; wazee wengi wanacho na hawajui. Hapa mlango wa nyongo umezama ndani yake na kugeukia pembeni. Kulazimisha kunaweza kutoboa utumbo. Daktari anashauriwa

11.
kutulia. Dakta Nakiete aliondoa mguu kwenye pedali ya eksirei, akapumua. Akapitisha kikoleo chembamba kando ya waya, akashika ukingo wa mfuko, akauvuta polepole, kama mtu anayefunua kanga kumwona mtoto aliyelala.

Mlango ukageuka.

"Hodi, Bi Mwanahawa," alinong'ona.

Waya

ukapita.

Akachana mdomo wa mlango kidogo tu, akautanua kwa kipira kinachovimba, akakitoa kijiwe. Nyongo ikamiminika. Chumba kizima kikapiga vigelegele, hata fundi wa mashine, mwanamume mzima na ndevu zake.

12.
"Kumbe nimebeba mfuko uzee wote huu!" Bi Mwanahawa alicheka hadi akashika mbavu. "Na sijui una nini ndani."
"Ulikuwa na mlango," Dakta Nakiete alisema. "Ijumaa nenda nyumbani. Chakula cha mafuta bado, bibi. Umenisikia?"
"Nimesikia. Nawe Jumamosi uje."

13.
Jumamosi. Ngoma, moshi, iliki. Macho yake yana manjano kidogo tu, na wanja umeyapamba. Amekaa mbele ya sufuria, mwiko mkononi, furaha imemjaa tele. Akachota mchuzi.

"Bi Mwanahawa!" Dakta Nakiete alikuwa nyuma yake, sahani tupu mkononi.
"Naonja tu, mwanangu."
"Utatema?"

Zamzam akachungulia dirishani. Wapishi wote wakageuka kumtazama.

Nawe msomaji, ungetema?