Mstari wa Ardis

Tiki ilikuwa imekaa kwenye kisanduku cha chini, penye neno SITAKI.

Corrine Tveit aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Tiki palepale. Ndogo, nadhifu, ya mtu aliyezoea kuweka alama za penseli kwenye mbao kabla ya kukata. Juu yake jina: Norval Skaar. Fomu yenyewe ilikuwa imefika kwa posta wiki tano zilizopita, na Corrine, ambaye katika karakana ile ndiye aliyekuwa karani, mpokea simu, mpika kahawa na idara nzima ya bima, alikuwa ameitoboa matundu mawili akaitia kwenye faili bila kuisoma. Angeisoma ya nini? Nani mwenye mke mgonjwa na akili timamu angeandika kwamba hataki bima?

Sasa ilikuwa saa nane na robo mchana, anafungasha makaratasi ya mwisho wa mwezi, ndiyo kwanza anaiona. Aligeukia kalenda ya ukutani, ile iliyotolewa bure na duka la mbolea, akahesabu kwa kidole tangu siku Norval alipopewa barua yake ya kupunguzwa kazini. Akahesabu tena, safari hii polepole, kama vile siku zingeongezeka kwa kumwonea huruma. Hazikuongezeka. Leo ilikuwa siku ya sitini.

Karakana ya Brekke ilitengeneza mabenchi ya kanisani. Kwa miaka mingi makanisa yalijengwa na mabenchi yalitakiwa. Siku hizi makanisa yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine, na mabenchi ya zamani yanauzwa kwa watu wa mjini wanaoyaweka barazani. Wafanyakazi walikuwa kumi na wanane. Mwezi wa kumi na mbili wakabaki kumi na saba, na aliyeondoka ni Norval, baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga msasa. Ukikaa kwenye benchi lake kwa ibada ndefu hutachomwa na kijiti hata kimoja, na hilo watu wa kaunti tatu walilijua bila kuambiwa ni kazi ya nani.

Ile sheria kubwa ya nchi kuhusu bima haiwagusi wenye karakana ndogo kama hii. Inayowagusa ni ya jimbo, na Corrine aliijua kuliko alivyozijua Zaburi. Anayepunguzwa kazini ana haki ya kubaki kwenye bima ya kundi, yeye na mwenziwe, akiilipia mwenyewe, ili mradi aulizwe kwa maandishi na ajibu kwa maandishi ndani ya siku sitini. Akikataa anaweza kugeuza kauli. Ila zikipita sitini, hata uje na machozi kwenye ndoo, hakuna wa kukusikiliza.

Na Norval akiba alikuwa nayo. Shida ilikuwa Ardis, mkewe. Viungo vyake viliugua tangu miaka saba nyuma, na kila baada ya wiki nane alitundikiwa dripu hospitalini, nayo ndiyo iliyovizuia vidole vyake visijikunje vikabaki hivyo. Vidole hivyo vilikuwa vimepiga kinanda cha kanisa miaka ishirini. Dripu nyingine ilikuwa tarehe kumi na mbili. Bima nyingine zipo, ndiyo, lakini kila bima mpya huanza kwa kuuliza upya kama dawa inahitajika kweli, na kuuliza kwao ni miezi.

Corrine alikwenda kwa tajiri wake akiwa na fomu mkononi. Lyle Brekke alikuwa anakula sandwichi juu ya ramani ya madhabahu ya mtu.

"Norval amekataa bima," Corrine alisema.

"Basi amekataa." Lyle alifuta haradali kwenye kidevu. "Karatasi si unayo? Sheria inataka karatasi. Tuko salama."

"Sisi tuko salama, ndiyo. Lyle, wewe ukikaribishwa kahawa unakubali mara ya ngapi?"

Lyle alitafuna kwanza. "Ya tatu," alisema. "Kama kila mtu."

"Na sisi Norval tumemuuliza mara ngapi?"

Lyle aliitazama sandwichi yake, akaiweka chini. Katika kaunti ile, kukubali mara ya kwanza ni ulafi, na kukubali mara ya pili ni haraka isiyo na adabu. Mtoto anajifunza hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini waliotunga fomu walikuwa watu wa makao makuu ya jimbo, na fomu yao iliuliza mara moja tu.

"Posta inafunga saa kumi na nusu," Corrine alisema. "Watu wa bima wanataka sahihi ya wino halisi na mhuri wa posta wa leo."

"Njia ya kwa Skaar ni barafu tupu." Lyle aliingiza mkono mfukoni akatoa funguo. "Nenda na pikapu yangu. Hicho kigari chako kitaishia mtaroni."

Corrine alipofika uani kwa Skaar ilikuwa imetimia saa tisa. Baridi ilikuwa ya kuganda kope, kwa hiyo aliiacha pikapu inanguruma, kama watu wote wanavyofanya. Norval alimfungulia kabla hajabisha. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye viganja laini ajabu kwa fundi, kwa kuwa msasa ulikuwa umevisugua na vyenyewe.

"Corrine," alisema. "Kuna baridi kidogo."

"Kidogo," Corrine alisema, na kope zake zikidondosha maji.

"Utakunywa kahawa."

"Hapana, usijisumbue. Sikai."

"Ipo tayari."

"Basi tu, nisikutie kazini."

"Nusu kikombe."

"Haya, kama ipo."

Hapo dakika sita zilikuwa zimekwenda. Akakaa jikoni, kikombe kikajazwa mpaka ukingoni, sahani ya keki za limau ikatua mbele yake. Walizungumza unene wa barafu ziwani. Walizungumza trekta ya jirani. Corrine alijikaza kisabuni asitazame saa ya ukutani, na Norval alijitia hamnazo kana kwamba karani wa karakana huja kwake kila Jumanne. Hatimaye Corrine aliitoa fomu kwenye mkoba akailaza karibu na sahani.

"Nadhani hapa ulikosea kisanduku," alisema.

"Sikukosea."

"Leo ndiyo mwisho. Ungeweza kubaki, Norval. Wewe na Ardis."

"Aa. Sisi tutajikongoja."

Hiyo ilikuwa moja. Corrine alimega keki, akaitafuna, akaimeza.

"Ingekuwa vizuri mkibaki. Hakuna anayesumbuka."

"Wapewe wenye shida zaidi."

Mbili. Corrine alishusha pumzi. Ya tatu alikuwa ameiandaa njiani kote, akiisema peke yake kwenye pikapu kama mtoto anayekariri shairi la Krismasi. Aliweka mikono yote miwili mezani.

"Norval, nakuuliza kwa dhati. Mbaki."

Norval alikichukua kikombe chake kilichokwisha akakigeuza, mdomo chini, juu ya kisosi. "Hapana, Corrine."

Corrine alitazama kitako cha kikombe kile. Kikombe kikigeuzwa, hilo si adabu tena. Hilo ni jibu. Kumbe alikuwa ameendesha maili kumi na moja za barafu akijua yote kuhusu watu wake, na hakuwa amejua lolote kuhusu huyu mmoja. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona woga.

"Kwa nini?" aliuliza. Neno hilo halikuwa limeulizwa jikoni mle kwa miaka mingi.

Norval alitazama dirishani, kwenye moshi wa pikapu. "Kile kikao cha mwezi wa kumi na moja," alisema taratibu. "Lyle alisimama akasema bima itapanda kwa wote. Akasema humu ndani kuna dawa ya mtu mmoja ambayo peke yake ni kubwa kuliko za wengine wote pamoja. Hakutaja jina. Wote wakatazama viatu vyao."

Corrine alikumbuka. Ndiye aliyepika kahawa siku ile. Lyle hakuwa na nia mbaya, alikuwa anasoma tu barua ya bima, na barua hiyo Corrine ndiye aliyempa. Alikumbuka pia jinsi watu wote walivyotazama viatu vyao ili wasimtazame Norval, na jinsi kutotazama kule kulivyokuwa kubaya kuliko kukodoa macho.

"Watu kumi na saba," Norval alisema. "Wana watoto. Wanakatwa mishahara kwa ajili ya mikono ya mke wangu. Nilipokuwa kazini, sawa, nilikuwa nafanya kazi. Sasa niko nyumbani nakunywa kahawa. Siwezi, Corrine. Nitakutana nao kanisani kila Jumapili."

"Sheria haiangalii ugonjwa wa nani ni mkubwa. Ndiyo maana wakaiandika."

"Sheria haiendi kanisani."

Corrine aliinua macho ukutani. Saa ilionyesha tisa na dakika thelathini na tano, na posta ilikuwa nusu saa kwa mwendo wa barafu.

"Ni karatasi gani hiyo?"

Ardis alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebuleni, na shali mabegani. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, nywele amezibana kwa kibanio cha plastiki cha kitoto, maana vibanio vingine vilishinda vidole vyake. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini, ila uso wake ulionyesha ni tangu zamani.

"Ni mambo ya karakana," Norval alisema.

"Sikukuuliza wewe, bwana. Namuuliza Corrine."

Corrine alimtazama Norval, kisha akaigeuza fomu ielekee mlangoni. "Ni ya kubaki kwenye bima. Ana haki ya kubaki. Amekataa."

"Amejikatalia yeye?"

"Amewakatalia wote wawili. Lakini hapa chini kuna mstari wako." Corrine aliuwekea kidole. Mstari huo alikuwa ameupita kwa macho mara mia, na leo, kwa kutaka kumbembeleza mume, alikuwa ameusahau kabisa. "Sheria ya jimbo inampa mke uchaguzi wake mwenyewe. Hata mumewe akikataa."

"Una maana kuna mstari wenye jina langu kwenye hiyo karatasi."

"Upo."

"Na mstari huo ulikaa humu nyumbani kwangu wiki ngapi?"

Norval alivitazama viganja vyake. "Sikutaka uhangaike," alisema.

"Haya," Ardis alisema. Alikuja mezani akikanyaga kwa uangalifu, akaketi. "Corrine, niulize mimi."

Corrine alikohoa kidogo. "Ardis, unataka kubaki kwenye bima ya kundi?"

"Ndiyo," alisema Ardis.

Mara ya kwanza. Neno lilitua mezani na hakuna aliyejua lifanywe nini. Norval aliinua kichwa akamtazama mkewe kama aliyemwona anatoka nje bila viatu. Ardis hakuona haya. Au aliona haya na akaamua haya ikae upande, maana mashavu yalimwiva.

"Nipe kalamu. Wao watatazama viatu vyao, mimi nitatazama mikono yangu."

Ilikuwa wiki ya saba tangu dripu iliyopita, wiki mbaya. Aliishika kalamu kwa ngumi, kama mtu anavyoshika kisu cha siagi, akaanza. Herufi ya kwanza ilichukua muda mrefu. Karatasi iliteleza juu ya kitambaa cha plastiki, aliirudisha kwa kiwiko, ikateleza tena. Corrine alikalia mikono yake asije akausaidia mkono wa mtu mzima kuandika jina lake. Saa ya ukutani iliendelea. Norval aliinuka, akakaa, akainuka tena, kisha akaweka kiganja chake kwenye pembe ya karatasi na kukikandamiza pale. Ardis hakumtazama, ila karatasi ilitulia, na jina likaenda mpaka mwisho.

Saa tisa na dakika hamsini. Corrine alivaa koti akiwa tayari wima.

"Ngoja nikufungie keki," Norval alisema, na mkono tayari kwenye kabati.

"Nifungie."

Norval alisimama na roli la foili mkononi. Alikuwa na maneno mengine mawili ya kumbembeleza nayo, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Akazifunga keki, zote, hata ile iliyomegwa.

Corrine alinyoosha mkono aichukue fomu, lakini Ardis alikuwa ameiegemea. Kalamu bado ilikuwa kwenye ngumi yake, nayo aliielekeza upande wa pili wa meza, kwenye kiti cha mumewe.

"Niko sawa mimi," Norval alisema.

"Norval," alisema Ardis.

"Kweli, niko sawa. Mbona afya ninayo."

"Norval."

"Corrine anachelewa posta."

"Basi usimcheleweshe."

Nje pikapu ya Lyle ilikuwa inanguruma, na moshi wake umelifunika dirisha lote. Mkono wa Ardis ulianza kutetemeka kwa uzito wa ile kalamu, lakini hakuushusha. Corrine, na koti lake, na keki zake, aliketi tena ukingoni mwa kiti. Norval alikitazama kikombe chake kilichogeuzwa. Akakiinua, akakisimamisha juu ya kisosi, akavuta kiti.