Andika Nyumba

Ofisa wa kodi aliinamia fomu, akashusha sauti. "Dada, nyumba ya kupewa nayo inalipiwa kodi, kulingana na thamani yake. Nikiandika banda la mabati, utalipa robo tu."

Kabla yule dada, fundi cherehani, hajajibu, mjomba wake, aliyejileta mwenyewe ofisini hapo, alidakia, "Aandike banda! Kwani uongo?"

Miaka yote mjomba aliicheka nyumba ile mbele za watu, akiiita banda. Bibi, aliyeijenga tofali kwa tofali kwa pesa ya kufua nguo za watu, alinyamaza tu. Sasa ameamua kumpa mjukuu wake angali hai, na leo ameketi kando yake, ameinamia viganja vyake vilivyochakaa kwa sabuni.

"Andika nyumba," fundi alisema.

"Utalipa mara nne, dada."

"Nina vyerehani viwili, kimoja nitauza. Andika nyumba. Vyumba vitatu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo."

"Umerukwa na akili!" mjomba alifoka.

"Shikamoo nilishakupa, mjomba, kwa hiyo niambie: kama lile ni banda, wewe uliyekulia mle ni mbuzi au kuku?"

Ofisa akaanza kuandika.

Ndipo bibi, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alipoinua uso na kuigonga fomu kwa kidole.

"Na baraza," alisema. "Ina baraza. Andika."