Mkwe na Taa

Kila asubuhi Nakhungu alikoroga uji huku akibeba maneno ya watu wawili. Mamaye, Agneta, alikuwa akisema kando ya mafiga, "Mwambie mwenye nyumba kuni zimeisha." Nakhungu naye aligeuka kumwambia mumewe, Mukhisa, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na kusikia yote. Mama mkwe na mkwewe hawatazamani wala hawasemezani, ndivyo walivyolelewa. Agneta alikuwa ametoka Myanga kuja Endebess kumsaidia bintiye kujifungua, na alikubali kulala jikoni tu, si katika nyumba ya mkwewe.

Asubuhi moja mwiko ulimponyoka Nakhungu. Maumivu yalimshika kiunoni, akapiga magoti.

"Mama, ni leo."

"Si ulisema bado wiki mbili?"

"Nilihesabu vizuri!"

"Basi huyu hajasoma kalenda yako ya ualimu. Lala hapa."

Daraja la kwenda hospitali ya Kitale lilikuwa limechukuliwa na mafuriko. Agneta alimpapasa tumbo, uso wake ukabadilika. Mtoto alikuwa anatanguliza miguu.

"Mwambie..." alianza, kisha akanyamaza. Nakhungu hakuwa na sauti ya kumwambia mtu lolote.

Nje, Mukhisa alizunguka uani. "Nakhungu! Kunatakiwa nini huko? Nakhungu!"

Hakuna aliyemjibu. Mikono ya Agneta haikuweza kumwacha mgonjwa, na kinywa chake hakikuweza kumtuma mkwe. Nakhungu, akiuma kanga yake, aliona kwamba aibu hiyo ingeweza kumuua yeye pamoja na mtoto.

Hapo Mukhisa akauambia ukuta, "Kule darajani kuna Silvio, yule mfungwa wa vita Mwitaliano anayelijenga. Akitaka maji hamtumi mtu. Anasema *bisogna portare acqua*. Ati inabidi maji yaletwe. Nilimuuliza, nani alete? Akasema hapo hakuna mimi, hakuna wewe. Kazi tu ndiyo inayotakiwa." Akavuta pumzi. "Kama kuna kinachohitajika humo ndani, si kisemwe tu?"

Agneta alifikiri kidogo, kisha akakiambia chungu cha uji, "Inabidi maji moto yaletwe."

Ndoo ikaingia mlangoni, ikisukumwa na mkono peke yake.

"Inahitajika nguo safi."

Nguo zikaja.

"Humu ni giza. Inabidi mtu ashike taa."

"Mtu gani?" Mukhisa akauliza.

"Yeyote mwenye mikono!"

Mukhisa akaingia kinyumenyume, mgongo kwao, taa ameinyoosha nyuma yake.

"Taa iinuliwe. Isitetemeke."

"Inajaribu," alijibu Mukhisa.

Nakhungu alicheka katikati ya uchungu, na kicheko hicho kikamrudishia nguvu. Agneta aliyaongoza mabega ya mtoto polepole, kisha kichwa. Halafu mtoto akalia kwa hasira, na Nakhungu akalegea mwili wote, machozi yakimtiririka hadi masikioni.

"Ni msichana," Agneta alisema. "Wote wazima."

Taa ilishuka taratibu hadi sakafuni. Mukhisa alibaki ameutazama mlango.

"Inafaa," alisema, "aliyefanya kazi hii ashukuriwe."

Agneta aliguna tu, akaendelea kumfunika mtoto.

Mukhisa alifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama," alisema, bila kugeuka. "Asante. Niliogopa nitawapoteza. Usirudi Myanga upesi. Mimi nataka ukae nasi."