Niite Dada

Mwenzake wa chumbani akiwa bado anakoroma, Twiga alikuwa ameshajifungia bafuni anapaka tumbo. Alipaka ile krimu nzito ya jukwaani, tabaka juu ya tabaka, mpaka mistari iliyoachwa na mimba ikafichika. Kisha akapuliza juu yake dawa ya kugandishia nywele, jasho lisije likamuumbua. Ilimwasha kama upupu. Ilikuwa siku ya kumi na moja anafanya hivyo, na mwenzake, msichana wa nchi nyingine waliyeelewana naye kwa mikono na macho tu, aliamini Twiga ana tumbo la kuendesha.

Fomu ya mashindano ya urembo aliyoitia sahihi haikuficha kitu: mshiriki asiwe ameolewa, wala asiwe amezaa. Akigundulika, anavuliwa utepe wa nchi yake na kupandishwa ndege siku hiyo hiyo. Na Twiga, aliyeitwa hivyo mtaani kwa urefu wake, alikuwa na binti wa miaka sita. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamemtoka, basi nyumba nzima ikawa inamwita Kibogoyo.

Wiki tatu kabla ya safari, Twiga na mama yake walimkalisha mtoto sebuleni.

"Huyu nani?" bibi anauliza.

"Mama."

"Aa! Huyu nani?"

"Dada."

Wakacheka wote watatu. Ukawa mchezo. Twiga akajiambia ni mwezi mmoja tu. Akishinda, kuna kazi ya matangazo ya mwaka mzima na nyumba ya kukaa, na hapo atajua namna ya kumleta mwanawe. Atajua vipi, hakujiuliza.

Watu wa nyumbani walidhani anakula raha hotelini. Raha gani? Alfajiri wako kwenye foleni ya kupambwa, wamesinzia wima kama farasi. Mchana kutwa wanatembea juu ya viatu virefu, damu inakaukia vidoleni. Nguo za kuogelea zinagandishwa makalioni kwa gundi, na kuzibandua jioni ni kilio. Meno yanapakwa mafuta ili mdomo uteleze, tabasamu lisikauke. Walifundishwa hata kumpigia makofi aliyekushinda: vidole vitatu tu kwenye kiganja, kucha zisivunjike, na uso ucheke. Chakula kilikuwa tele mezani, ila mlezi alisimama nyuma ya kiti.

Mlezi alikuwa mama wa makamo aliyetumwa na waandaaji wa kwao kumchunga. Yeye ndiye aliyeshika pasipoti, yeye ndiye aliyeshika simu. Dakika kumi kwa siku, koridoni, sauti ikiwa wazi naye asikie.

Siku ya tatu Kibogoyo aliteleza. "Mama, unarudi lini?"

Mlezi akainua kichwa. Twiga akawahi: "Anamwita mama yangu, yuko pembeni yake. Huyu ni kitinda mimba wetu."

"Mama yako ana umri gani?"

"Hamsini na nne."

Mlezi akahesabu kimoyomoyo, nyusi zikapanda. "Mwenyezi kamjalia kweli kweli. Mwanangu, mimi nimezaa wanne. Usinione nimevaa miwani ukadhani sioni. Leo masikio yangu yamejaa nta. Kesho sijui."

Tangu siku hiyo Twiga hakupata usingizi wa maana. Halafu wiki ya pili ikaja habari nyingine: waandaaji wamewatuma wapiga picha kwenye nyumba ya kila mrembo. Salamu za nyumbani zitaonyeshwa ukumbini mbele ya majaji, siku ya kuchagua kumi na tano bora, na kamera nyingine zitakuwa zimeelekezwa nyusoni mwao.

"Mama," Twiga alisema kwenye simu, akichunga kila neno, "huyo mdogo wangu mpeleke kwa jirani siku hiyo."

"Nimechelewa. Mpiga picha kamwona mlangoni, kampenda na mapengo yake. Anasema lazima awemo." Bibi akashusha pumzi. "Usitie shaka. Nitamnyoosha."

"Usimpige, mama."

"Nani kataja kupiga? Maneno yapo."

Siku ikafika. Ukumbini taa zilizimwa, pazia jeupe likawaka. Baba wa mmoja aliimba, dada wa mwingine alipunga bendera. Kisha Twiga akaona mlango wa kwao, rangi ikibambuka palepale inapobambuka siku zote. Kibogoyo alikaa kwenye kochi, nywele zimesukwa upya, mikono juu ya magoti.

"Hongera dada. Mimi na mama tunakuombea."

Hakukwama hata kidogo. Wala hakuitazama kamera. Alimtazama bibi yake. Kisha akamshika mkono na kuuliza, "Mama, nimesema sawa?"

Ukumbi mzima ukasema "Ooo!"

Walikuwa wamefundishwa kulia: chozi moja, kidevu juu, kidole chini ya kope wanja usichuruzike. Twiga hakukumbuka somo lolote. Alilia kama mtu wa msibani, kamasi na yote, mpaka jaji mmoja akavua miwani na kujifuta. Kumi na tano bora walipotangazwa, nchi yake ilitajwa ya kwanza.

"Umewamaliza!" mlezi alimnong'oneza koridoni, akimfinya kwa furaha. "Kale katoto kametuvusha. Haya, futa uso, mnaitwa kwenye picha ya pamoja."

"Naomba simu kwanza."

"Dakika mbili."

Bibi alipokea kwa vigelegele. Twiga hakumwacha amalize. "Mpe Kibogoyo."

"Dada!" sauti ikaja, ikipuliza penye mapengo.

"Niite kama zamani, mwanangu."

Mlezi aliyekuwa ananyoosha utepe akasimama ghafla.

"Dada," mtoto akarudia.

"Siyo dada. Mimi ni mama yako. Sema."

"Bibi amesema nikikwambia lile neno, ndege haitakurudisha."

Twiga akaegemea ukuta. "Bibi kakosea. Ukisema, narudi. Usiposema, narudi."

"Basi rudi kwanza, ndiyo niseme."

"We binti, punguza sauti," mlezi alisema huku ameuma meno. Warembo wawili walikuwa wanapita na taulo mabegani. "Hapa kuta zina watu. Ukishinda, ni mwaka mzima wa mahojiano. Utawaambia nini?"

Mwaka mzima. Twiga akaishika simu kwa mikono miwili. Alimwona Kibogoyo wa miaka saba, meno yameota, akimtambulisha kwa wenzake shuleni: huyu ni dada yangu wa kwenye picha.

"Nong'ona tu," akamsihi. "Mara moja. Hakuna atakayesikia. Tafadhali, mwanangu, nakuomba."

Mtoto akacheka, kicheko cha aliyeng'amua jambo.

"Unanitega! Unanitega kama bibi. Mimi sikosei tena, dada."

Mlangoni waliita jina la nchi yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Mlezi akanyoosha mkono apokee simu.

"Nimepata?" Kibogoyo aliuliza. "Dada, nimepata?"

Twiga akamtazama mlezi, akatazama mlango.

"Umepata," akasema.